Chuma cha Kushoto, Chuma cha Kulia

Chumba chake kilikuwa na urefu wa hatua kumi na nne, kwa hatua zake yeye, si za watoto. Kabla hakijawa chumba cha mazoezi kilikuwa ghala la mbegu, na hadi siku ya mwisho, ukiinama karibu na ukuta wa nyuma, ulikutana na harufu ya magunia. Humo ndimo alimofanyia kazi kwa miaka kumi na mmoja yule mwanamke tuliyemwita Mama Nyoosha, akiwahudumia watoto wa halmashauri tatu ambazo kila moja ilimhesabu kuwa mtumishi wa nyingine.

Sitanii. Mkataba wa ushirikiano uligawa mzigo hivi: halmashauri ya mjini itatoa chumba, ya kilimani itatoa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ya bondeni itatoa gari la kuwakusanya watoto asubuhi na kuwarudisha mchana. Vifaa vingekuwa mali ya zote tatu. Hakuna hata moja kati yao iliyoweza kuendesha huduma hiyo peke yake, na zote zilikuwa na watoto waliozaliwa na miguu isiyowatii. Ulikuwa mpango wenye akili. Nasema hivyo nikijua ninachosema, kwa kuwa nilikuwa katibu wa kamati ya pamoja tangu kikao cha kwanza, na kila muhtasari umeandikwa kwa mkono wangu.

Jina lake alipewa na watoto, kwa sababu ya neno alilolitamka mara mia kwa siku. "Nyoosha, Mheshimiwa. Nyoosha, Profesa. Wewe Mama Mkwe, hebu nyoosha, usinitegee." Hakuna mtoto aliyemwita kwa jina la nyumbani. Kila aliyeingia mlangoni alitunukiwa cheo siku ya kwanza, na cheo hicho hakikuvuliwa. Mwenyewe alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga tangu utotoni. Alivaa raba za kiume, maana za kike, alisema, zimeshonwa kwa ajili ya watu wanaoshinda wamekaa.

Siku moja tu, katika miaka yote hiyo, nilimsikia akieleza kilichomleta kwenye kazi hii. Kaka yake mkubwa alitambaa maisha yake yote. Alikuwa mtu wa masihara, fundi wa redio, hodari wa hesabu za kichwa. Akafariki akiwa na miaka thelathini na miwili. "Siku ya msiba," aliniambia, "tulipanda kushusha sanduku juu ya kabati la mama. Nikaona vumbi la pale juu, nikawaza: kaka yangu hakuwahi kuliona vumbi hili. Kila siku alilala chini ya kabati hili, na juu yake hakupajua." Kisha akageuka kumkemea Profesa aliyekuwa amelikalia goti lake, na habari ile haikurudi tena mdomoni mwake.

Kati ya vifaa vyote, kile kilichokuwa moyo wa chumba ni vyuma viwili vilivyolala sambamba, kimoja kushoto na kimoja kulia, juu ya nguzo fupi zilizochimbiwa sakafuni. Mtoto huingia katikati, hushika huku na huku, hutembea. Urefu wake ulikuwa mita nne kamili. Vilikuwa vimeng'aa katikati, mahali mikono midogo iliposhika zaidi, na kufubaa kwenye ncha, kwa sababu wengi hawakufika mwisho.

Kamanda alikuwa amekusudia kufika. Alikuwa msichana wa miaka saba, mwenye mtindio wa ubongo uliomfunga miguu kama mkasi uliokataa kufunguka, na mdomo ambao haukuwa na kufuli. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, fundi cherehani aliyeishi upande wa mjini, nyumba ya tatu kutoka barabara inayotenganisha mji na kilima. Cheo chake alikipata kwa haki: siku ya kwanza tu alimwamuru dereva avue viatu kabla ya kukanyaga godoro la mazoezi, na dereva akavua.

Mwaka huo shule ilikuwa imemkataa. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ningependa kumchukia kwa raha. Alikuwa na watoto tisini na wawili katika darasa la kwanza na mwalimu mmoja. "Sina mtu wa kumbeba," alimwambia bibi. "Mama yangu, mimi sitaki vyeti wala barua. Mtoto akitoka mlango wa darasa akafika chooni mwenyewe, nampokea siku hiyo hiyo. Mlete Januari."

Habari hizo zilimfikia Mama Nyoosha. Aliazima kwa bibi futi yake ya kushonea, akaenda shuleni siku ya mapumziko, akapima kutoka kizingiti cha darasa hadi mlango wa choo. Mita kumi na sita, bila ngazi hata moja. Alirudi anacheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

"Kamanda, njoo hapa. Unaviona vyuma hivi? Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi. Mara nne. Umefika chooni."

"Na nikifika nikakuta mtu ndani?"

"Mwamuru atoke."

Kuanzia hapo mtoto hakuyaita mazoezi. Aliyaita kwenda chooni. Asubuhi gari lilipomshusha alipiga kelele tangu nje, "Mama Nyoosha, nimebanwa!" na chumba kizima kikacheka. Mwezi Februari alikwenda mara moja, akishika kwa viganja. Mwezi Mei alikwenda na kurudi. Mwezi Julai nilimwona kwa macho yangu akikamilisha mara nne, akivigusa vyuma kwa ncha za vidole tu, na hatua tatu za mwisho mikono yake ilikuwa hewani. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi na nguo ya mtu mapajani. Alijichoma sindano, wala hakushtuka.

"Miezi sita imebaki," Mama Nyoosha alisema. "Akija kila siku, Januari anaingia darasani kwa miguu yake. Akikosa wiki tatu mfululizo, misuli inajirudia, tunaanza na moja. Mdogo wangu Katibu, liandike hilo kwenye muhtasari wako."

Niliandika. Hakuna aliyesoma.

Ugomvi ulianzia kwenye kibao. Halmashauri ya mjini ilipaka upya kibao cha nje, ikaweka nembo yake juu, kubwa, na zile mbili chini yake, ndogo, kama watoto wanaoning'inia kwenye khanga ya mama yao. Mwenyekiti wa bondeni alikiona akiwa njiani kwenda kwenye shughuli nyingine. Katika kikao cha mwezi Agosti hakukaa vizuri kwenye kiti.

"Mheshimiwa, sisi siyo matawi yenu."

"Nani kasema tawi? Fundi wa rangi alikosa nafasi."

"Fundi wa rangi! Gari letu linapasua tairi kila mwezi kuwaleta watoto kwenye chumba chenu, halafu tunakosa nafasi?"

"Basi lirudisheni."

"Tumeshalirudisha. Tangu jana."

Mwenyekiti wa kilimani, aliyekuwa akisinzia, alizinduka na kutaka watoto wahesabiwe, ajulikane nani anamnyonya nani. Wakahesabiwa. Wa mjini walikuwa kumi na wanane, wa bondeni kumi na mmoja, wa kilimani tisa. Kumbe tulikuwa tunawatumikia wenzetu, kilimani wakasema, na mtaalamu wetu anazeekea kwa watu. Hakuna aliyegonga meza. Wote walikuwa watu wa heshima, waliitana ndugu yangu kila baada ya sentensi, na kwa muda wa saa moja na nusu walivunja kwa upole kazi ya miaka kumi na mmoja. Azimio la mwisho lilipitishwa kwa makofi: ushirikiano usitishwe, na mali zigawanywe kwa usawa na kwa amani.

Sasa nifike mahali ninapopaona hata nikifumba macho. Orodha ya vifaa niliiandaa mimi, miaka mingi nyuma, siku vifaa vilipopokelewa. Nilikuwa na haraka. Niliandika: mipira mikubwa, mitatu, magodoro, matatu, kioo, kimoja, meza ya kulalia, moja, vyuma vya kutembelea, viwili. Mwenyekiti wa kikao aliisoma kwa sauti, akigawa. Mpira mmoja mmoja. Godoro moja moja. Kilimani wachukue kioo na meza. Vyuma, kimoja mjini, kimoja bondeni.

Nilinyoosha mkono. "Mheshimiwa, vile vyuma ni kifaa kimoja. Mtoto hawezi kutembea kwa kimoja."

"Katibu, orodha hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Umeandika vingapi?"

"Viwili."

"Haya." Wakacheka wote, hata mimi nilijikuta natabasamu, na tabasamu lile sijalisamehe mpaka leo.

Mama Nyoosha alikuwa akisubiri kwenye korido, kwa kuwa hakuwa mjumbe. Nilimweleza. "Wamegawana suruali," alisema. "Mmoja kachukua mguu huu, mwingine kachukua mguu ule. Na wote wawili watatembea uchi."

Mafundi walikuja na spana siku ya Jumanne. Gari lilikuwa limeshaacha kupita, lakini bibi alikuwa amembeba Kamanda mgongoni tangu nyumbani, mwendo wa dakika arobaini, ili siku isipotee. Walimkuta katikati ya vyuma.

"Hebu toka hapo, bibi mdogo, tufungue."

"Mnakipeleka wapi chuma changu?"

"Hiki mjini. Kile bondeni."

"Na mimi mnanipeleka wapi?"

Fundi alimtazama mwenzake. Mama Nyoosha akamwinua mtoto, akamkalisha kwenye benchi, na wakakaa pamoja wakitazama, kama watu waliofika stendi wakakuta basi linaondoka.

Barua ya kumrudisha Mama Nyoosha kilimani ilikuwa na mistari minne. Alipangiwa wodi ya wagonjwa wa kiharusi, kazi anayoiweza na aliyoifanya vizuri. Lakini kila Jumamosi aliteremka hadi nyumbani kwa fundi cherehani. Seremala wa jirani aliparua kwa randa miti miwili mpaka ikawa laini, akailaza sambamba uani juu ya vigingi alivyovichimbia. Mjini walipopata habari, mganga mkuu wao aliandika kwamba mtumishi wa halmashauri nyingine anatoa huduma ndani ya mipaka yao bila kibali. Kilimani nao wakamwandikia Mama Nyoosha kwamba likimkuta jambo huko ng'ambo ya barabara, halmashauri haitamjua. Barabara yenyewe kuku huivuka bila kuangalia kulia wala kushoto.

"Mimi ni mgeni tu," aliniambia. "Nimekuja kushonewa gauni."

"Gauni gani linalochukua miezi mitatu?" bibi akadakia kutoka kwenye cherehani.

"Mwili wangu mgumu, dada. Pima tena."

Walitania hivyo, na miguu ya Kamanda ilikuwa inajifunga. Siku moja kwa wiki haikutosha. Mama Nyoosha alilijua hilo kuliko sisi sote. Bibi alimnyoosha katikati ya wiki kadiri alivyoweza, lakini vidole vyake vilikuwa vya sindano, si vya misuli, na mtoto alipolia aliacha. Mwezi Oktoba alikuwa ameshuka kutoka mara nne hadi mara mbili. Mvua ziliponyesha udongo ukalegea, na Jumamosi moja mti wa kushoto ukang'oka Kamanda akiwa ameuegemea kwa uzito wote. Alianguka kifudifudi. Alipoteza meno mawili ya mbele, ambayo yangeng'oka tu kwa wakati wake, na kitu kingine ambacho hakioti tena kwa urahisi. Tangu siku hiyo hakukubali kuachia. Vidole vilivyokuwa vinagusa sasa vilikaba.

Seremala alipendekeza kwamba autumie ule mti wa kulia peke yake, uliobaki imara. Mama Nyoosha alikataa kwa ukali ambao sikuuzoea. "Mti mmoja unamfundisha kuegemea. Mgongo utapinda upande mmoja, nyonga itafuata. Nitakuwa nimemharibu kwa mikono yangu mwenyewe."

Ndipo tulipokwenda, yeye na mimi, kuomba vyuma kwa mkopo hadi Januari. Hatukwenda mbali kukiona cha kwanza. Kilikuwa kwenye ua wa ofisi ya halmashauri ya mjini, kimelazwa juu ya madebe mawili ya rangi, kuzuia nafasi ya kuegesha gari la mwenyekiti. Mahali palipong'aa palikuwa bado panang'aa.

Mtunza stoo alitupokea vizuri. Alituwekea viti.

"Mama zangu, mimi ningewapa hata sasa hivi. Lakini kitu hiki kimeingia kwenye rejista kutoka kamati ya pamoja. Kukitoa, lazima kamati ya pamoja iandike."

"Kamati ya pamoja imevunjwa," nilisema. "Mimi ndiye niliyeandika muhtasari wa kuivunja."

"Ndiyo hapo sasa."

"Kwa hiyo anayeweza kukitoa ni nani?"

Alifikiri kwa dhati, huyu bwana; alikunja uso kama mwanafunzi kwenye mtihani. "Kwa utaratibu," alisema mwisho, "hayupo."

Mama Nyoosha aliinuka, akaenda uani, akashika kile chuma katikati kwa mikono yote miwili. Nilidhani atakibeba aondoke nacho, na laiti angekibeba ningemsaidia upande wa pili, licha ya cheti changu cha chuo kikuu na yote niliyosomea kuhusu utawala bora. Hakukibeba. Alikifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akakirudisha juu ya madebe, akakiweka sawa. "Hata tukikipata hiki," alisema, "kile cha bondeni kimepigiliwa kwenye baraza yao, watu wanapangia foleni. Twende, mdogo wangu."

Siku ya kufungua shule bibi alimvalisha Kamanda sare aliyoishona mwenyewe tangu Julai, wakati ule alipojichoma sindano. Ilikuwa imembana mabegani. Mama Nyoosha aliomba ruhusa ya nusu siku wodini akanyimwa, akaja bila ruhusa. Mwalimu mkuu aliwatoa watoto wengine uwanjani ili wasimtazame, na huo ulikuwa utu, nauandika kama nilivyouona. Kamanda alisimama kwenye kizingiti cha darasa. Mlango wa choo ulikuwa mbele yake, rangi ya bluu, mita kumi na sita.

Alipiga hatua moja. Ya pili. Mama Nyoosha alikuwa akirudi kinyumenyume mbele yake, hakumshika. "Nyoosha, Kamanda. Nyoosha." Ya tano. Ya saba. Kisha miguu ikakutana, ikafunga, na mtoto akabaki amesimama pale katikati ya uwanja mtupu, hatua saba kutoka kizingiti cha darasa. Hakuanguka. Alitandaza mikono, mmoja kushoto, mmoja kulia, akaviacha vidole vikitafuta hewani, vikifunguka na kufunga, na akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza kiatu chake:

"Viko wapi?"

Alisubiri jibu kwa muda mrefu kuliko watu wazima tulivyoweza kuvumilia, mpaka bibi alipokwenda akamchukua.

"Mwakani, mama," alisema mwalimu mkuu. Alikuwa akiangalia ardhi.

"Mwakani atakuwa na tisa kasoro," bibi alijibu. "Mtasema umri umempita."



Mama Nyoosha alipewa onyo la maandishi kwa kuacha kituo cha kazi asubuhi ile, na miezi mitatu baadaye alistaafu. Nilihudhuria. Halmashauri zote tatu zilileta wawakilishi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Agosti, wakamkabidhi cheti kimoja cha shukrani kwa mchango wake katika ushirikiano wa serikali za mitaa. Nilikitazama kwa makini. Nembo tatu zilikuwa zimepangwa kwa duara, ukubwa mmoja, ili isiwepo ya juu wala ya chini. Kumbe walikuwa wanajua. Kumbe inawezekana, na fundi wa rangi angeweza kuambiwa hivyo mapema, kwa kazi ya alasiri moja.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta kwa fundi cherehani, amekaa sakafuni. Kamanda alikuwa amelala chali, kichwa kwenye paja la bibi, amekuwa mrefu, amekuwa mkimya. Mama Nyoosha alikuwa amekigeuza cheti kile upande wa nyuma na anachora miguu kwa kalamu ya risasi: mguu umelala hivi, mkono ushike hapa, hesabu mpaka thelathini, pumzika, geuza. Alichora kwa uangalifu, maana bibi hasomi.

"Haya nayo atafanya kwa muda gani mpaka atembee?" bibi aliuliza.

Mama Nyoosha hakuinua kichwa. Alimaliza mstari wa goti kwanza.

"Haya si ya kutembea, dada," alisema. "Haya ni ya kumpunguzia maumivu."